Utepe Mkiani mwa Ndege

"Mbona hujaiwasha?" mume wangu aliuliza.

Alikuwa ameinama juu ya meza, sikio limekaribia kugusa pua ya ndege. Mkwe wetu alisimama upande wa pili akiwa na rimoti mkononi. Walikuwa wameifunga ndege mezani kwa mkanda ili isije ikawaponyoka, na propela hawakuwa wameitia bado, kwa kuhofia vidole. Pale propela ilipopaswa kukaa palikuwa na kijiti cha chuma, nacho kilizunguka kwa kasi mno hata kikaonekana kimetulia, kinang'aa tu.

"Inazunguka, Baba," mkwe akasema. "Weka kidole hapa ubavuni, utaihisi."

Akaweka kidole. Kisha akatabasamu, lakini tabasamu lile liliishia mdomoni. Mkono wake wa pili, ambao mkwe hakuuona, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza kama mkono wa mtu aliye juu ya ngazi inayoyumba.

"Kimya namna hii," akasema.

"Mbu ana kelele kumshinda huyu. Wale watoto wachanga wa kliniki watalala mpaka wasahau kunyonya."

Mume wangu akacheka, akampiga mkwe begani. "Umefanya kazi, fundi," akasema, kisha akarudi kuketi kitandani. Mimi nilikuwa mlangoni nakunja nguo. Shati nililokuwa nimelishika nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Chumba chetu kiko uani, nyuma ya nyumba ya binti yetu. Kina dirisha moja lenye nondo, nalo linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukipitisha mkono kati ya nondo unaugusa. Jua hupita juu ya ukuta ule kama mgeni mwenye haraka zake. Asubuhi, binti yetu na mumewe wakiwa wanaondoka kwenda kazini, tunasikia funguo: kwanza zinalia mkononi mwa binti, halafu mnyororo wa geti, halafu kufuli. Baada ya hapo nyumba yote inatulia, nasi tumo ndani yake hadi jioni.

Sisemi haya kwa kulalamika. Binti yetu hafungi kwa ubaya. Hutuachia chai kwenye chupa, na chakula cha mchana anakifunika kwa sahani, kisha kwa kitambaa, kisha anarudi kuhakikisha kama kitambaa kimekaa sawa. Alianza kufunga geti tangu siku baba yake alipotoka kwenda kununua gundi, akarudi goti limechanika na suruali imelowa maji ya mtaro. Mume wangu alisema amesukumwa na pikipiki. Binti yetu alimwosha lile goti mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu, machozi yakimtoka bila sauti, na kesho yake akaja na kufuli jipya.

"Baba, ningekupoteza ningejiambia nini?" alisema.

Mtu akikwambia hivyo unamjibu nini? Unalishukuru kufuli.

Mume wangu alikuwa fundi wa jenereta. Alikuwa na bisibisi moja ndefu ambayo sikuwahi kumwona akifungulia kitu. Aliweka ncha yake kwenye jenereta inayonguruma na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho, na baada ya muda akasema: beringi ya nyuma, au vali imechoka. Kisha ndipo walipofungua, wakamkuta yuko sahihi. Mtaani walimwita Daktari wa Vyuma, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo.

Ndege aliiunda wakati binti yetu anajifunza kutembea. Mbao zake ni nyepesi kama mkate uliokauka. Ngozi ya mabawa niliishona mimi, kwa kitambaa chembamba cha nailoni nilichokivuta mpaka kikawa kinalia kama ngoma ndogo ukikigusa kwa ukucha. Mtu akiiita ndege ya kuchezea, mume wangu alimsahihisha kwa upole. "Ni ndege," alisema. "Ndogo tu."

Kila Jumamosi asubuhi tuliipeleka uwanja wa mpira kabla wachezaji hawajafika. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja, karibu na bega lake la kulia. Hata baada ya kuhamia hapa, hata baada ya kufuli, safari hiyo ilibaki. Ilikuwa ndiyo safari pekee ambayo geti lilifunguliwa kwa ajili yetu. Kisha kando ya uwanja ikajengwa kliniki ya kina mama na watoto wachanga, na kibao kikasimamishwa. Mume wangu aliniomba nikisome kwa sauti, nikakisoma: ni marufuku injini za aina yoyote. Hakuna aliyekosea. Watoto wale wana haki ya kulala. Tukarudi nyumbani, akaitundika ndege kwenye msumari juu ya kitanda, na tangu hapo Jumamosi ikawa siku kama nyingine, yenye ukuta wake.

Mkwe ndiye aliyesema, "Tuitoe injini, Baba. Tutie mota ya betri. Haina kelele wala moshi. Hawatakuwa na neno."

Mkwe wetu ni fundi simu, mtu wa maneno machache na vidole virefu. Alipokuja kuposa, mume wangu hakumuuliza ukoo wala mshahara. Alimpeleka uwanjani, akampa rimoti ya pili iliyounganishwa na yake kwa waya, akamfundisha kurusha. Kwa waya ule mwanafunzi anaongoza, na akikosea mwalimu anaichukua ndege. Jioni ile mume wangu aliniambia, "Nimemwona akikosea. Hakusingizia upepo. Tumpe binti."

Kwa hiyo walianza. Kila jioni mkwe alipotoka kazini alipitia kwetu kabla hata ya kuvua viatu kwake. Injini ilitolewa kwanza, nyeusi kwa mafuta yaliyogandamana, na chumba kizima kikanuka spiriti na mafuta ya nyonyo, harufu ya Jumamosi zetu zote. Mume wangu aliifuta, akaifunga ndani ya fulana yake kuukuu, akaitia chini ya mto. Mkwe aliona, akajitia hamnazo.

Likafuata tanki la mafuta. Betri haikuweza kupita mlango liliopitia tanki, ikabidi wakate kifuniko juu ya tumbo la ndege. Mkwe alipomaliza kukata alizipiga msasa kingo za kile kifuniko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndani na nje, akizijaribu kwa kidole gumba. Nilidhani ni umaridadi wake tu. Walipowasha mota mara ya kwanza ilizunguka kinyumenyume. "Inataka kurudishwa dukani," mume wangu akasema. Mkwe akabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, ikakubali kwenda mbele.

Shida ikabaki uzito. Mota ilikuwa nyepesi kuliko injini, na ndege ikaelemewa na mkia. Mkwe akaisogeza betri mbele karibu igote, na bado mkia ukashuka. Mume wangu akaomba ndege. Akaweka ncha za vidole chini ya mabawa, kidole kimoja kila upande, akaiinua hewani na kufumba macho kama alivyokuwa akifanya na bisibisi yake.

"Mkiani kuna risasi," akasema. "Niliigandisha mwenyewe zamani, kwa sababu injini ilikuwa nzito. Ing'oe."

Mkwe akapasua kidogo, akakuta kipande cha risasi kimejificha kama jino la akili. Kilipotoka, mume wangu akaiinua tena ndege juu ya vidole vyake, nayo ikatulia sawasawa, haikuinamia mbele wala nyuma. Sijui kama mtu anaweza kuwa mzuri kwa kushika tu kitu, lakini nilimwona mzuri.

Mwisho mkwe aliichukua ndege hadi kwenye karakana yake, akairudisha imefunikwa gazeti. Mkia uliokuwa wa kijani alikuwa ameupaka rangi ya chungwa, kali kama ganda lenyewe, na chini ya mabawa ameweka mistari mipana myeusi. Hakusema kitu. Akalitoa gazeti, akaiweka mezani. Ndipo wakaifunga mkanda na kuwasha mota, na mume wangu akauliza kwa nini haijawashwa.

Kesho yake mchana, kufuli likiwa limeshalia zamani, nilikuwa namenya viazi na yeye amelala chali kitandani. Ndege ilikuwa imetundikwa juu yake, mkia wake wa chungwa umbali wa kama mkono mmoja na nusu kutoka usoni pake.

"Unajua kilichonifurahisha kwa huyu kijana?" akasema. "Hakugusa rangi. Ameuacha mkia wangu wa kijani vilevile."

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Ndiyo," nikasema. "Vilevile."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda ulimi ulitaka muda. Wakati nasema, Jumamosi zote zikaanza kunirudia moja moja. Hebu niambie, imependeza zaidi ikiwa wapi? Naona kama inageuka, au wewe unaonaje? Imeshafika mnara wa maji? Miaka yote hiyo nilidhani anapenda sauti yangu. Na mimi, kwa kudhani hivyo, nilimweleza kwa madaha, nikitia na chumvi: iko juu ya mnara, Mzee, imeinama kama bibi harusi. Naye aliigeuza mahali hasa nilipomwambia. Kumbe nilikuwa nikitazama kwa niaba ya watu wawili.

Nilimaliza kile kiazi. Nikakiweka kwenye maji.

"Mkia ni wa chungwa," nikasema.

Hakugeuka. Nje, bomba la uani lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Tangu lini?" nikauliza.

"La kushoto lilitangulia. Nikasema hata fundi wa saa hutumia jicho moja. Kisha la kulia likaanza kuingia ukungu katikati." Aliongea akitazama ukuta. "Pembeni bado naona. Nikikutazama usoni unapotea, nikitazama ukuta unarudi."

"Ndiyo maana siku hizi unazungumza na ukuta."

"Ukuta haukatizi watu."

Tukacheka kidogo, kicheko kibaya, kisicho na pa kwenda. Kisha akaniambia kwamba siku ile ya gundi hakwenda kununua gundi. Alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, na wakati wa kurudi akawa anayawaza maneno hayo, mtaro ukamkuta.

"Injini ilikuwa inaniambia," akasema. "Ikipanda inalemewa, ikishuka inapiga yowe. Ikiwa mbali, sauti inachelewa. Yaliyobaki ulinipa wewe. Sasa hii ya betri ni kama kutupa jiwe kisimani usisikie likifika."

"Basi Jumamosi nitasema hujisikii vizuri."

"Utasema hivyo Jumamosi ngapi? Watauliza, watajua. Binti yako akijua hataishia kwenye geti. Atafunga na mlango huu." Akanitafuta mkono, akaupata. "Usiwaambie. Nakuomba."

Katika maisha yetu ameniagiza mengi, amenituma mengi, lakini kuomba si kawaida yake. Nilisema, "Nimesikia," neno ambalo si ndiyo wala hapana, nikarudi kwenye viazi.

Siku zile nilitembea sana pale uani. Uani kwetu mtu hatembei, anageuka tu: kutoka bombani hadi getini, kutoka getini hadi bombani. Nilimwona moyoni mama mmoja anatoka kliniki na kichanga chake kifuani, anakatiza njia ya kando ya uwanja, na nyuma yake inakuja ndege isiyo na sauti inayoongozwa na mtu asiyeiona. Hapo nilikata shauri kusema. Nikifika getini nilimwona moyoni mume wangu kitandani, ndege imening'inia juu yake, mlango umefungwa, na macho yake yanautazama ukuta ili anione mimi. Hapo nilikata shauri kunyamaza. Nikigeuka, nilianza upya.

Ndipo nikakumbuka vishada. Watoto wakitaka kishada kilie, wanavuta utepe kati ya ncha mbili za kijiti na upepo unaufanya uvume. Nilikuwa na mabaki ya ile nailoni ya mabawa, nimeyahifadhi miaka yote kwenye kopo la vifungo. Nikakata utepe, nikaupinda kingo, nikaushona kwenye uma wa waya mwembamba na kuuvuta ukakaza. Mume wangu akaushika, akaukwaruza kwa ukucha.

"Uzito?"

"Mwepesi kuliko risasi yako."

"Uweke palepale ilipokuwa."

Nikauweka mkiani, chini. Lakini ningejuaje kama utalia? Niliichukua ndege, nikaiinua juu ya kichwa, nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, na kanga imefungwa kiunoni, kutoka bombani kwenda getini. Geti likafika kabla ya sauti. Nikarudi mbio zaidi, bomba nalo likawahi.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza pembeni ili anione. "Mke wangu, unafukuza nini?"

"Upepo."

"Ukiukamata utie kufuli."

Nilikaa chini kwenye kizingiti, nahema. Uani palikuwa padogo mno. Utepe ulihitaji mahali pa kukimbilia ndipo uimbe, na mahali hapo palikuwa upande wa pili wa geti.

Ijumaa jioni mkwe alikuja kuichaji betri. Mume wangu alikuwa anaoga. Mkwe akauona utepe. Akainama, akaupuliza, akaiinua ndege kwenye taa.

"Hiki ni nini, Mama?"

"Pambo."

Kisha akakifungua kifuniko, akaisogeza betri mbele kidogo, kiasi cha kulipa uzito wa lile pambo langu, akakifunga. "Hata mistari yangu ni pambo," akasema taratibu. "Niliiweka ili aweze kutofautisha juu na chini. Sijui kama inamsaidia."

Nikamkumbuka akizipiga msasa kingo za kifuniko, kwa ajili ya mtu atakayekifungua kwa kupapasa. Nilitaka kumshika mkono. Yeye alikuwa ameshafungua begi lake, na ndani palikuwa na rimoti ya pili.

"Siku hizi hazina waya, Mama. Yeye atarusha, mimi nitasimama nyuma yake na hii. Akipotea naichukua, nikiiweka sawa namrudishia. Hatajua."

"Hatajua kabisa?"

"Kabisa. Na wewe usimwambie. Mwache afurahi."

Ulikuwa wema, na mimi wema naujua nikiuona. Aliwaza jambo hilo akiwa peke yake kwenye karakana yake, baada ya kutengeneza simu za watu kutwa nzima. Lakini alipoondoka niliketi kitandani nikiwa na hisia kwamba nimesikia kufuli jingine likifungwa, hili laini kuliko yote, lisilo hata na mlio. Mume wangu angesimama uwanjani akidhani mikono yake ndiyo inayoirusha ndege. Angejisifu njiani wakati wa kurudi. Na mimi ningekaa pembeni yake na kumpigia makofi. Huyu aliniambia usimwambie yule, yule akaniambia usimwambie huyu, na mimi nikawa ndio mlango.

Jumamosi binti yetu alitufungulia geti. Alimfunga baba yake kifungo cha juu cha shati, kilichokuwa kimefungwa tayari. "Tangulieni, nitawaletea chai," akasema.

Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zina umande, magoli hayana nyavu. Kliniki ilikuwa imefungua madirisha yake, na njia ya kando ilikuwa haina mtu. Mkwe aliweka kiti changu mahali pake pa siku zote. Akaitia propela, akakaza, akaunganisha betri. "Sasa iko hai, Baba," akasema. "Tusiiguse mbele."

Na mume wangu, ambaye alikuwa ameiwasha ndege ile kila Jumamosi kwa kuipiga propela kwa kidole, alipiga goti, akapapasa pua ya ndege, akanyoosha kidole kuipiga.

Mkwe aliudaka mkono hewani. Akaushika kwenye kifundo, akaurudisha taratibu hadi kwenye goti la mwenyewe, kama mtu anayerudisha kikombe mezani. Uso wa mume wangu ulibadilika. Nimeishi na uso ule, na sijawahi kuuona mdogo namna ile.

"Nyasi zina umande sana leo," mkwe akasema, ili pawe na maneno.

"Ana rimoti ya pili," nikasema mimi.

Wote wawili wakageuka. Mkwe alinitazama kama mtu aliyechomolewa kitu mfukoni.

"Ipo kwenye begi," nikaendelea, maana nilishaanza. "Ukipotea ataichukua ndege. Anajua kuhusu macho. Sikumwambia mimi, alikuwa anajua. Na utepe nao siamini kama utalia, uani hapakutosha. Sasa mmeshajua wote ninachokijua mimi."

Mume wangu alibaki amepiga goti. Ilikuwa asubuhi yenye upepo mdogo, na nilisikia kichanga kikilia ndani ya kliniki kisha kikinyamazishwa.

"Ya waya?" akauliza.

"Haina waya, Baba."

"Mimi nilikufundisha kwa waya. Ulikuwa unauona?"

"Ulikuwa unanigonga magotini."

"Basi." Akanyanyuka, polepole, akakataa mkono. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipomimina chai nje ya kikombe, ukasema unakipoza kikombe."

Kitu kilipita usoni kwake, sijui kama kilikuwa kicheko. Mkwe akaitoa ile rimoti begini. Akaja mbele yake, akauchukua mkono wa baba mkwe wake na kuuweka juu yake, auzungushe, aijue. "Hii hapa. Swichi ni hii. Nikiivuta, ndege ni yangu. Nikiivuta nitakwambia."

"Sema kwa sauti."

"Nitasema."

"Na ukinirudishia?"

"Nitasema, Baba."

Mume wangu akaishika rimoti yake. "Simama kushoto," akasema. "Kulia ni pa mama yako."

Akasukuma kijiti cha mwendo. Hapakuwa na ngurumo, palikuwa na nyasi zilizolala tu, na umande uliopasuka nyuma ya magurudumu. "Inakimbia," nikasema. "Imefika duara la katikati. Imeachia ardhi." Akaivuta. Nilikuwa nimesimama, sikukumbuka kukalia kiti. Ndege ilipanda juu ya goli la mbali, kimya, kimya, nami nikawa nasema moyoni, lia, lia.

Ikalia. Ilianza kama mtu anayevuma wimbo mdomo umefungwa, kisha sauti ikapanda na kukaza, nyembamba, ya kitambaa nilichokipinda kingo kwa mkono wangu. Mume wangu akageuza kichwa, akaipata. Mabega yake yakashuka. Akaipindisha, na sauti ikapindika nayo. Ilipotujia juu ya vichwa mistari ile myeusi ilipita kama kivuli cha ngazi, naye akainua uso, na kwa kitambo nilifikiri kwamba ameiona.

Kisha ikaenda mbali, upepo ukatupa kisogo, na sauti ikakatika.

"Iko wapi?"

Hivyo tu. Hakuuliza kama inapendeza.

"Imepita mnara wa maji. Bawa la kulia limeinama."

"Sana?"

"Kama kichwa cha mtu anayesinzia."

"Naichukua, Baba," mkwe akasema. Ndege ikasimama sawa. "Nakurudishia."

"Nimeipokea."

Iliendelea hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, watatu tukishika kitu kimoja. Sikusikia mtu akija. Mume wangu alisikia. Alikunja uso, akainamisha kichwa.

"Nani huyo?"

Ndipo nami nikasikia: funguo, mlio ule wa kila asubuhi, nyuma yetu. Nikageuka. Binti yetu alikuwa amesimama kwenye mstari wa uwanja, chupa ya chai kwapani, funguo mkononi. Alimtazama mumewe na rimoti yake. Alimtazama baba yake, ambaye uso wake ulikuwa umeelekea mnara wa maji wakati ndege ilikuwa upande mwingine kabisa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Baba anatazama wapi?"

"Ni binti yako," nikamwambia mume wangu.

"Mwache aje," akasema. "Betri?"

"Inaisha, Baba. Ni wakati wa kuishusha."

Akaizima mota. Ndege ikaanza kuteremka kwa mabawa yake tu, na kadiri ilivyopunguza mwendo, ndivyo utepe ulivyolegeza sauti, mpaka ukanyamaza kama kule uani. Palibaki mlio mmoja tu, funguo zikigongana mkononi mwa binti yetu.

"Siisikii," mume wangu akasema. "Kuna kitu kinalia."

Sikuweza kugeuka, macho yangu yalikuwa na kazi. Lakini nilisikia hatua moja kwenye nyasi, na zile funguo zikakoma ghafla, kama kitu kilichofumbatwa kiganjani na kushikwa kwa nguvu.

"Haya," mume wangu akasema. "Sema."

"Iko juu ya goli," nikasema. "Inakuja."